Muulize Mwanasheria: Notari akipiga muhuri bila kukuona, ananyang'anywa kazi?

Assalaam alaykum wasomaji. Wiki hii suali moja limekuja kwa sura nne tofauti, kutoka Pemba na Unguja, na zote zinahusu muhuri wa notari, yaani yule anaethibitisha kwa muhuri kwamba saini au kiapo ni chako kweli. Nimeyaweka pamoja. La mwanzo nimelijibu kwa urefu kwa sababu huyu dada ana shamba linataka kuondoka.

SUALI: Mie ni msomaji wako wa Wete. Baba yetu kafariki katuachia shamba la mikarafuu, tuko ndugu watano, na kaka yetu mkubwa yuko California, Marekani, mwaka wa kumi na mbili huu. Mwezi uliopita kaja mtu kwa sheha na karatasi inayosema kaka kampa uwakala wa kuuza fungu lake, ina muhuri wa notari wa huko huko California, na tarehe iliyoandikwa kaka alikuwa hapa nyumbani tunaanika karafuu pamoja mpaka picha tunazo. Tumempigia simu, anasema saini ni yake lakini hiyo karatasi haijui, yeye alisaini karatasi za kuuza gari akamuachia rafiki yake kabla ya kusafiri, na notari huyo hajawahi kumuona kwa macho. Jee notari huyu anaweza kunyang'anywa kazi? Na sisi tufanye nini maana mnunuzi keshaanza kupima shamba.

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu, poleni sana. Huyo notari ntakuja kwake, lakini kwanza zuieni mauzo, leo kama mnaweza.

Bahati yenu kaka yuko hai na akili zake timamu, kwa hiyo uwakala, hata ungekuwa wa kweli, yeye mwenyewe anaweza kuufuta. Aandike barua ya kuufuta, aende mwenyewe kwa notari mwengine na pasipoti yake mkononi, asaini, waraka uletwe. Wakati mnaungojea mwambieni atume picha kwa sheha na kwa mnunuzi, ili mnunuzi asije akasema hakujua. Kisha nendeni Kamisheni ya Ardhi mukaandikishe malalamiko kwa maandishi, si kwa mdomo, na muombe nakala yenye tarehe ya kupokelewa. Uhaulishaji wa ardhi hapa Zanzibar kuna Bodi yake, iliwekwa na sheria ya mwaka 1994, na kuuza moja kwa moja kunahitaji idhini yake, kwa hiyo hao nao wapate barua yenu kabla ya mnunuzi kufika huko. Na kitu kimoja hukuniambia, mirathi imegaiwa? Kama baba kafariki na shamba bado halijagaiwa kwa Kadhi wala kupitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, basi hilo "fungu la kaka" linalouzwa hata halijakatwa bado, na hiyo peke yake ni hoja nzito ya kumsimamisha mnunuzi.

Sasa notari. Watu wetu wengi hawajui jambo hili na linatuponza: notari wa Marekani sio notari wa hapa. Hapa kwetu anaekupigia muhuri kwa kawaida ni wakili, kasoma sheria, kaapishwa. Kule anaweza kuwa karani wa benki au mwenye duka la kufungia vifurushi. California inataka awe na miaka 18 au zaidi, asome kozi, apasi mtihani, achukuliwe alama za vidole kuangaliwa kama ana makosa ya jinai, halafu Katibu wa Jimbo anampa uteuzi, wao wanaita komisheni, wa miaka 4. Anaweka na dhamana ya dola 15,000. Hajui sheria ya ardhi, hajui mirathi, wala haulizwi karatasi inasema nini. Kazi yake ni ndogo lakini ndiyo kila kitu: ashuhudie kwamba mtu huyu, mwenye jina hili, na kitambulisho hichi, alisimama mbele yangu siku hii. Akikosea hilo hana kazi nyengine aliyoifanya.

Na hapa uwe makini kidogo maana upande wa pili watajaribu kukuchanganya. Kwa karatasi kama ya uwakala, California wanakubali mtu awe ameshasaini nyumbani kwake, si lazima atie saini mbele ya notari. Lakini lazima aje mwenyewe, athibitishe saini ni yake, na tarehe inayoandikwa ni ya siku aliyokuja. Kwa hiyo wakikwambia "kwani si saini yake?" usibabaike. Saini yake ndiyo, ila yeye mwenyewe siku ile alikuwa Wete. Pasipoti ina muhuri wa uwanja wa ndege wa kuingia na kutoka, na notari aliandika kwa kauli yake kwamba mtu alifika mbele yake. Na asikwambie alimuona kwa video, kuna majimbo yanaruhusu hivyo, Virginia ndiyo ya mwanzo, lakini notari wa California bado haruhusiwi kufanya kazi hiyo kwa video.

Ulinitumia picha za karatasi, nimezikuza nikaziangalia moja moja. Ukurasa wa kwanza, ule unaotaja shamba, kwenye pembe una matundu mawili ya pini. Ukurasa wa saini una matundu manne. Maana yake ukurasa wa saini ulishawahi kubanwa na karatasi nyengine, ukabanduliwa, ukabanwa upya. Na herufi hazifanani, za ukurasa wa kwanza ni nyembamba. Mimi siwezi kuapa kwa matundu ya pini lakini iwekeni karatasi asili, msikubali kuitoa, na kama iko kwa sheha muombeni asimrejeshee aliyeileta mpaka Polisi waione.

Sasa ushahidi mkubwa kuliko matundu. Notari wa California analazimika kuwa na daftari, kila kazi anaandika kwa mpangilio: siku, saa, aina ya waraka, saini ya aliekuja, na alimjuaje, yaani kitambulisho gani. Na kwa hati za ardhi na za uwakala lazima aliekuja atie alama ya dole gumba kwenye daftari. Dole gumba dada yangu! Saini inaweza kutolewa karatasi moja ikapelekwa nyengine, dole halitoki mkononi. Na sheria yao inaruhusu mtu yeyote kuomba nakala ya mstari huo wa daftari, unaandika barua unataja mwezi na mwaka, majina ya wahusika na aina ya waraka, na notari ana siku 15 za kazi kujibu. Kaka yenu aandike barua hiyo kesho, ni ya gharama ndogo na anaruhusiwa kabisa. Likija dole la mtu mwengine mmepata. Ikija kwamba hakuna mstari wowote, mmepata pia, kwa sababu kuacha kuandika daftari ni kosa peke yake.

Jee ananyang'anywa? Ndio. Katibu wa Jimbo anaweza kumsimamisha au kumfutia kabisa, na sababu zake ziko kwenye sheria. Kutotimiza kazi yake kwa uaminifu, ndiyo hii yenu. Kupiga muhuri cheti hajakijaza, ajaze baadae. Kudanganya kwenye fomu alipoomba uteuzi, kwa mfano kaficha kesi. Kukutwa na hatia ya kosa kubwa la jinai. Kutoza zaidi ya kiwango, kule kwa saini moja hawezi kuzidisha dola 15. Kujitangaza uongo, hilo nakuja nalo chini. Na kwa yule alieandika cheti anachokijua kuwa cha uongo kuna faini inayofika dola 10,000 mbali na hayo. Hafutwi kwa barua moja ya mtu tu lakini, kwa kawaida ana haki ya kusikilizwa kabla ya kufutwa, na mimi naona ni sawa, maana pengine hata yeye kadanganywa, kaletewa mtu mwenye kitambulisho cha bandia. Ndio maana daftari linatafutwa kwanza. Malalamiko apeleke kaka mwenyewe kwa sababu ndiye alieibiwa jina, aambatanishe kurasa za pasipoti, tiketi na picha za karafuu.

Kufutwa kwake hakuwarejeshei shamba, hilo nataka mlijue mapema. Komisheni ni mambo yake na jimbo lake. Shamba linaokolewa hapa, Wete na Chake. Lakini mkipata hasara ya kweli ile dhamana ya dola 15,000 ipo kwa ajili ya watu kama nyinyi, kaka anaweza kuidai kupitia mwanasheria wa huko.

SUALI: Mimi ni karani kwenye ofisi ya wakili hapa Mjini, sitaji wapi. Bosi akisafiri ananiachia muhuri na karatasi kama ishirini ameshazitia saini, wateja wakija na viapo vyao vya jina, vya kupotelewa na kitambulisho, vya cheti cha kuzaliwa, mimi najaza naweka tarehe napiga muhuri. Anasema ni kazi ndogo ndogo tu hazina madhara. Roho yangu haitulii. Jee mimi niko kwenye kosa?

JIBU: Mwanangu, roho yako inakwambia kweli, isikilize.

Kwanza nikwambie kisa changu. Miaka iliyopita nikiwa bado mwanafunzi, marehemu mamangu alitakiwa kiapo cha jina, kitambulisho kimeandikwa vyengine na karatasi za kazini vyengine. Yeye yuko Mkoani kitandani anaumwa, mimi nimo Mjini. Nikaichukua karatasi alioweka dole, nikaipeleka kwa wakili mmoja, hakuinua kichwa, kagonga, kaandika "ameapa mbele yangu". Nikatoka nimefurahi sana, nusu saa nimemaliza kazi. Baada ya miezi mambo yale yalikwenda mbele ya wakubwa, wakamuuliza mama, "uliapa wapi?" Mama hajui kudanganya. Kasema hapa hapa kitandani. Kiapo kikatupwa, tukaanza upya, na mama hakujaaliwa kuona mwisho wake. Mimi ndio niliepeleka ile karatasi. Kwa hivyo wakisema kwangu "kazi ndogo ndogo" siwezi kunyamaza.

Kiapo ni maneno ya mtu mbele ya mtu. Bara wana sheria ya manotari na makamishna wa viapo, Sura ya 12, kifungu cha 8 kinamtaka anaeapisha aandike kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipoapwa, na mahakama zao zimetupa viapo vingi kwa kasoro za hapo tu, kesi nzima inaanguka kwa mstari mmoja wa chini. Kifungu cha 7 kinamkataza hata kuapisha kwenye shauri analolisimamia yeye mwenyewe au lenye maslahi yake. Sisi Zanzibar tuna mahakama zetu na sheria zetu za uwakili, si mambo ya Muungano hayo, lakini hakuna kisiwa ambacho mtu anaapa Mjini na wakili anaemuapisha yuko Dubai.

Bosi wako akisaini karatasi tupu anahatarisha uwakili wake wote, sio muhuri tu, kwa sababu hapa kwetu muhuri umekaa juu ya uwakili, ukiondoka mmoja na mwengine unaondoka. Huko California nilikokutaja juu, notari anatakiwa awe na muhuri wake kwenye mamlaka yake peke yake, aufungie, hata muajiri wake haruhusiwi kuutumia, na ukipotea au kuibiwa analazimika kuiarifu ofisi ya Katibu wa Jimbo mara moja. Wao muhuri wanauchukulia kama bunduki. Sisi tunauacha juu ya deski karibu na kikombe cha chai.

Na wewe. Unaeandika tarehe na kugonga ni wewe, mteja amekuona wewe, siku kiapo kikiwa cha uongo (mtu kaapa kapotelewa na hati kumbe kaiweka rahani kwa mtu) Polisi watamuuliza mteja nani alimpigia muhuri, watakuja kwako. Mwambie bosi kwa adabu, na kwa maandishi, hata meseji ya WhatsApp inatosha: "Bwana, wateja wa viapo ntawapangia siku ukirudi." Basi. Usimtuhumu. Zile karatasi zilizosainiwa tupu mrejeshee mkononi uzihesabu mbele yake. Akikukasirikia tafuta kazi nyengine, najua kazi ngumu kupatikana, najua, lakini hii ya sasa haikulindi. Na kama kuna mteja kaumia kweli, malalamiko ya wakili wa Zanzibar yanapelekwa huku huku Zanzibar, aulizie ofisi ya Jaji Mkuu wa Zanzibar na Chama cha Wanasheria Zanzibar. Watu wengi wanakosea wanaandikia Chama cha Wanasheria Tanganyika, kile ni cha mawakili wa Bara.

SUALI: Niko Jang'ombe. Kuna mtu yuko Marekani anatangaza kwa Waswahili, kwenye tangazo lake kaandika yeye ni notari pabliki na mtaalamu wa uhamiaji, anajaza fomu na anatoa ushauri wa kisheria, anataka dola mia nne nitangulize. Binamu yangu anasema kama ni notari si ni wakili huyo, mtumie. Nimtumie?

JIBU: Usimtumie hata senti mpaka ujue ni nani. Binamu yako kakosea pale pale nilipomuonya dada wa Wete, kachukua sifa za notari wa hapa kwetu Kwerekwe kamvika notari wa Marekani. Na sio sisi tu. Watu wa nchi za Amerika ya Kusini kwao notari ni mwanasheria mkubwa sana, wakifika Marekani wanaona bango "notario" wanaingia wanatoa pesa zao zote, wanajaziwa fomu za makosa, wengine wamefukuzwa nchini kwa fomu hizo. Jambo hilo limewaumiza watu mpaka majimbo yakaandika kwenye sheria. California notari haruhusiwi kujitangaza kwa maneno "notario publico" hata kama Kihispania ni sahihi, na akijitangaza kwa lugha ya kigeni wakati si mwanasheria lazima aweke kwenye tangazo hilo hilo kwamba yeye si mwanasheria na hawezi kutoa ushauri wa sheria, pamoja na bei zake. Na anaejiita mtaalamu wa uhamiaji haruhusiwi kabisa kujitangaza kuwa yeye ni notari. Hii ni sababu kamili ya kufutiwa, bila hata mtu mmoja kuibiwa.

Ushauri wa kisheria wa uhamiaji kule unatolewa na mwanasheria mwenye leseni au mwakilishi alieidhinishwa na Wizara yao ya Sheria anaefanya kazi na taasisi inayotambuliwa. Muulize huyo bwana maneno mawili tu: leseni yako ya uanasheria ni ya jimbo gani, na namba yake ngapi. Majimbo yana sehemu ya kutafuta jina la mwanasheria bure kabisa. Akianza kukwambia "mimi ni Muislamu mwenzio, mimi mtoto wa Malindi", huyo hajakujibu. Hifadhi tangazo lake kwa skrinishoti likiwa na tarehe, kwa sababu watu hawa wakistuka wanafuta.

SUALI: Karatasi zetu za nyumba zilipigwa muhuri miaka sita nyuma na mtu ambaye sasa nasikia kafutiwa. Jee karatasi zimekufa? Mzazi, Chake Chake.

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Hazifi kwa sababu hiyo peke yake. Kinachoangaliwa ni siku ile alipopiga: alikuwa na mamlaka, na nyinyi mlikuwepo mbele yake? Kama ndio, kufutiwa kwake baadae hakurudi nyuma kuiua hati. Kama siku ile alikuwa keshafutiwa au leseni imemalizika hakuihuisha, hapo kuna tatizo, na tatizo hilo bora ulijue wewe leo kuliko kuja kulisikia watoto wako mbele ya hakimu. Nenda Kamisheni ya Ardhi na nakala, usiende na asili, uulize hati yako imesajiliwa au la. Kama kulikuwa na mashahidi walioshuhudia mkiandikiana na bado wako hai, basi mchukue mmoja umpeleke kwa wakili mwengine akaapishwe kiapo kipya cha alichokiona siku ile, na akaape mwenyewe kwa miguu yake. Kama mmoja wao ni mzee wa miaka themanini na anaishi mbali, tuseme Kengeja, yeye usimpeleke mjini kwa daladala, muombe wakili apande gari amfuate nyumbani, wapo wanaokubali, na mahali paandikwe Kengeja.